Ameshachanjwa, Kwa Nini Tena?

Mhadhara uliotolewa Saza, wilaya ya Songwe

Nimeombwa niseme juu ya kinga ya mwili na chanjo. Mada hiyo mtu akiamua kuimaliza yote, tutalala hapa. Kwa hiyo nitashika swali moja ambalo nimelisikia Mkwajuni, nikalisikia tena Tunduma sokoni, na nadhani hakuna kitongoji cha mkoa huu ambako halijaulizwa tangu mwaka 2022: "Mtoto wangu ameshachanjwa. Kadi yake hii hapa, imejaa. Mbona mnakuja tena na matone ya polio?"

Ni swali la haki, na mzazi anayeliuliza si mbishi. Ni mtu aliyetunza kadi. Kwa bahati mbaya mara nyingi hujibiwa kwa mkato, kwamba ni agizo kutoka juu au kwamba matone hayana madhara, kisha timu inahamia nyumba ya pili. Mimi naona anastahili jibu kamili. Jibu lenyewe linapitia kwenye utumbo wa mtoto, linakwenda hadi Pakistan, halafu linarudi kwenye barabara ya Tunduma na Sumbawanga.

Tuanze na kirusi chenyewe. Kirusi cha polio hakiishi kwa ng'ombe, mbwa wala mbu. Ni cha binadamu peke yake. Hutoka kwenye kinyesi cha mtu mmoja kikaingia kinywani mwa mwingine, kwa mikono, kwa maji, kwa chakula. Tindikali ya tumbo, ambayo huua vijidudu vingi tunavyovimeza kila siku, hii haikidhuru. Kinapita, kinafika utumboni, na hapo ndipo kinapozaliana kwa wiki kadhaa. Watu wengi wanaoambukizwa hawasikii lolote. Wengine hupata homa kidogo, kichwa, kutapika, wakanywa dawa ya malaria na kuendelea na kazi. Lakini takriban katika kila maambukizi 200, moja huenda vibaya: kirusi kinavuka kutoka kwenye damu, kinaingia kwenye uti wa mgongo, kinaua seli za fahamu zinazoamrisha misuli. Mtoto aliyelala akiwa mzima anaamka na mguu uliolegea kama kitambaa. Uharibifu huo hauna dawa. Na kati ya waliopooza, 5 hadi 10 katika kila 100 hufa kwa sababu misuli ya kupumulia nayo imesimama.

Hesabu hiyo ya 200 naomba muishike, maana ina upande wa pili. Akionekana mtoto mmoja amepooza, wapo wengine karibu 200 ambao wamebeba kirusi hicho hicho na wanacheza mpira. Ndiyo sababu serikali ikisikia mtoto mmoja tu, inatuma watu mikoa mizima. Anayeona ni kutapatapa hajapiga hesabu.

Sasa mwili unafanyaje? Ulinzi wa kwanza tunazaliwa nao: ngozi, ute wa puani na utumboni, na seli nyeupe zinazozunguka zikimeza chochote kigeni. Huu hufanya kazi ndani ya saa chache, lakini haukumbuki kitu. Leo na mwakani ni ule ule. Ulinzi wa pili ndio wenye habari nzito, na ndio unaohusika na chanjo.

Katika damu yetu na kwenye tezi zetu, yaani zile ambazo zikivimba kwenye paja mnaziita mitoki, kuna seli nyeupe nyingi ajabu, na kila moja juu yake ina umbo moja la kunasia. Maumbo hayo hupangwa kwa bahati nasibu kabla mtoto hajakutana na ugonjwa wowote. Nyingi ya seli hizo zitaishi na kufa bila kukutana na kitu kinachoshikana na umbo lao. Ninyi wa Saza mnaijua rashi ya dhahabu kuliko mimi. Mnajua maduara mengi, yaani mashimo ya wachimbaji, yanavyochimbwa bila kitu, mpaka moja linapiga mkanda wa dhahabu, habari zinavuja, na palipokuwa na watu watatu ndani ya wiki pana mia tatu, na karasha za kusagia mawe zinanguruma usiku kucha. Mwilini ni hivyo hivyo. Seli moja ikinasa kipande cha kirusi, hupewa ruhusa na seli wenzake kujigawa: mbili, nne, nane, mpaka maelfu kwa maelfu, zote za umbo lile lile. Nyingine zinageuka viwanda vya kumwaga kingamwili, chembe ndogo zinazokizunguka kirusi kisipate pa kushika. Nyingine, za aina tofauti, huenda kuua seli za mwili wetu wenyewe ambazo kirusi kimeshaingia. Rashi ikiisha, wengi huondoka. Wachache hubaki, wanaojua mkanda ulipita wapi.

Hao wachache ndio kumbukumbu. Mara ya kwanza mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuandaa kingamwili za kutosha, na kwa mtoto asiye na bahati muda huo unatosha kirusi cha polio kufika kwenye uti wa mgongo. Mara ya pili ni siku chache, na kingamwili zinazokuja ni nyingi na zinashika vizuri zaidi. Chanjo ni njia ya kumpa mtoto ile mara ya kwanza bila kumpa ugonjwa. Hutumia kirusi kilichouawa, au kilichodhoofishwa, au kipande chake, au sumu yake iliyoondolewa makali.

Mpaka hapa naamini tuko pamoja, na mwenye kadi bado ana haki ya kusema: sasa si ndiyo hivyo, mtoto wangu anayo kumbukumbu? Inategemea. Kumbukumbu ya nini, na iko wapi?

Kwanza, ya nini. Polio zipo aina tatu: ya kwanza, ya pili na ya tatu. Seli iliyonasa ya kwanza haiwezi kutegemewa kwa ya pili. Kwa hiyo mtu akisema "amechanjwa polio", mtaalamu lazima aulize aina gani.

Pili, iko wapi. Jambo hili huwa linaachwa, nami naona ndilo kiini cha mazungumzo yote. Seli zilizofundwa utumboni hukaa utumboni na kumwaga humo kingamwili za aina inayostahimili mazingira ya huko. Seli zilizofundwa kwa sindano ya paja hulinda zaidi damu. Mtoto aliyepata matone hupata kinga ya damu na ya utumbo, kwa sababu kirusi kilichodhoofishwa kinapita njia ile ile ya kirusi kikali. Mtoto aliyepata sindano tu kwa kawaida hatapooza, maana kirusi kikijaribu kuvuka damuni kitakutana na kingamwili. Lakini utumboni kinaweza kuzaliana na kutoka kwenye choo chake kwenda kwa jirani. Sindano inamlinda aliyechomwa. Matone yanamlinda yeye na pia yanapunguza anachokitoa nje. Ukiishi mahali ambako kila nyumba ina choo kizuri na maji ya bomba, tofauti hiyo haina uzito mkubwa. Ukiishi kambi ya machimbo iliyoota wiki tatu zilizopita, ina uzito.

Kuna jambo la tatu dogo. Katika nchi za joto, ambako utumbo wa mtoto una wageni wengine wengi na kuharisha ni kawaida, tone halishiki kila mara. Kaskazini mwa India, dozi moja moja zilishika kwa watoto wachache sana, ikabidi zirudiwe na kurudiwa, na mgonjwa wa mwisho wa India alipatikana Januari 2011. Kurudia matone kwa mtoto aliyekwisha kupata hakumzidishii hatari. Ama linakuta kinga tayari, likapita, ama linakuta pengo, likaliziba.

Sasa tuje kwetu. Tanzania ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya asili mwaka 1996, na mwaka 2015 ikapewa cheti cha kuwa huru. Tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa haina tena kirusi cha asili. Tulishangilia. Halafu Februari 2022 Malawi ikatangaza kwamba msichana wa miaka mitatu mjini Lilongwe, aliyepooza Novemba 2021, alikuwa na polio ya asili ya aina ya kwanza. Maabara zilipofuatilia vinasaba vya kirusi hicho, ukoo wake ulipatikana jimbo la Sindh, Pakistan. Kilisafiri safari yote hiyo ndani ya utumbo wa watu ambao hatutawajua kamwe na ambao labda hawakuumwa hata siku moja.

Kutoka Malawi mpaka hapa si mbali. Machi 2022 Tanzania ilianza kutoa matone katika mikoa minne ya mpakani, yaani Songwe, Mbeya, Njombe na Ruvuma, nyumba kwa nyumba, watoto wote wa chini ya miaka mitano, kadi ijae au isijae. Baadaye mwaka huo zoezi likaenda nchi nzima, na majirani zetu nao wakafanya kwao. Kirusi kilipita Msumbiji, kikapoozesha watoto wanane huko. Kwetu hakikuonekana. Mei 2024 ikatangazwa kwamba mlipuko ule wa Malawi na Msumbiji umekwisha. Hilo nalihesabu kuwa ni kazi ya wale waliotembea juani na visanduku vya barafu mabegani, ingawa hakuna anayepigiwa makofi kwa ugonjwa ambao haukutokea.

Kisha 2023 timu zikaja tena, na hapo manung'uniko yakawa makubwa zaidi. Safari hii watoto walikuwa wa chini ya miaka minane. Watu wakauliza: jana ilikuwa mitano, leo imekuwaje minane? Jibu lake ni la hesabu tu. Mwaka 2023 mtoto mkoani Rukwa, jirani zetu hawa, alikutwa amepooza kwa polio ya aina ya pili. Sasa kumbukeni: Aprili 2016 dunia nzima iliondoa aina ya pili kwenye matone ya kawaida, kwa sababu kirusi cha asili cha aina hiyo kilikuwa kimeshatangazwa kutokomezwa mwaka 2015. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa baada ya Aprili 2016 hakuwahi kupata tone la aina ya pili. Alitakiwa apate sindano, ambayo ina aina zote tatu, lakini duniani sindano hizo zilipungua, nasi tukaanza kuzitoa mwaka 2018. Toa 2016 kwenye 2023, mtapata umri wa mtoto mkubwa kuliko wote asiye na kinga ya utumbo dhidi ya aina ya pili. Ni miaka saba, na ndiyo maana ikawa chini ya minane. Tarehe 21 hadi 24 Septemba 2023 mikoa sita ilifanyiwa kampeni: Rukwa, Kagera, Kigoma, Katavi, Mbeya na Songwe. Kadi ya mtoto ilikuwa imejaa kweli. Hakuna aliyesema uongo. Haikuwa na aina hiyo.

Mwenye akili ataniuliza: ikiwa aina ya pili ya asili ilikwisha, ya Rukwa ilitoka wapi? Hapa wengine hupenda kupita haraka. Mimi sipiti, kwa sababu mkisikia nusu yake mitaani mtaniona tapeli. Ilitokana na chanjo. Kirusi kilichodhoofishwa cha matone hutoka kwenye choo cha mtoto aliyechanjwa. Kikikuta jirani aliyechanjwa, kinakwama. Kikikuta mahali penye watoto wengi wasiochanjwa, kinapita kutoka mmoja hadi mwingine kwa miezi mingi, na katika kuzaliana huko hubadilika kidogo kidogo mpaka nguvu ya kupoozesha inarudi. Kadiri watoto wasiochanjwa wanavyozidi, ndivyo kinavyopata nafasi. Mbali na hilo, mara chache mno dozi yenyewe humpoozesha mtoto aliyeipata: takriban mmoja katika dozi milioni 2.7 za kwanza. Wekeni idadi hiyo kando ya ile ya moja katika 200, kila mzazi apime mwenyewe.

Wanasayansi waliliona tatizo hilo na kutengeneza matone mapya ya aina ya pili ambayo vinasaba vyake vimefungwa ili yasirudi haraka kwenye ukali wake. Yalianza kutumika Afrika mwaka 2021, na ndiyo yaliyotumika mikoa yetu sita mwaka 2023. Kwa hiyo aliyewaambia kwamba matone yale hayakuwa sawa na ya kliniki alisema kweli. Mwambieni amalizie na sababu.

Mkipenda kuona sayansi kwa macho yenu, mwombeni mhudumu awaonyeshe kichupa. Kwenye lebo kuna mviringo wa zambarau na ndani yake mraba mweupe. Mraba huo umetengenezwa kwa kitu kinachokolea rangi kadiri kinavyopata joto, na hakirudi nyuma hata ukikiweka kwenye barafu. Mraba ukiwa mweupe kuliko mviringo, kirusi cha chanjo bado kiko hai na dozi inafaa. Ukilingana nao, au ukawa mweusi zaidi, kichupa kinatupwa hata kama kimejaa. Matone ya polio ndiyo dhaifu kuliko chanjo zote mbele ya joto, na joto la bonde hili la Rukwa mnalijua. Dozi ni matone mawili. Halafu kidole kidogo kinapakwa wino, na mlangoni panaandikwa kwa chaki kwamba timu imepita.

Ila turubai la kambi ya machimbo halina mlango wa kuandika chaki. Nadhani hilo ndilo tatizo la Saza kuliko ubishi wa mtu yeyote. Eneo hili lina dhahabu tangu enzi za mkoloni. Mgodi wa New Saza ulifanya kazi mpaka miaka ya 1950, na New Luika hapa jirani ulianza kutoa dhahabu mwaka 2012. Kati ya vipindi hivyo na baada yake wachimbaji wadogo hawajawahi kukoma. Watu hapa hutoka Mbozi, Chunya, Geita, Shinyanga, hata ng'ambo ya Tunduma. Mama anajifungua mtoto Mwanza, dozi ya wiki ya 6 anaipata huko, ya wiki ya 10 anakuwa ndani ya basi, ya 14 yupo kambini ambako zahanati ni mwendo wa nusu siku. Hajakataa chanjo. Amehama. Halafu anaogopa kwenda kliniki kwa kuwa atagombezwa na nesi mbele ya watu. Mimi ningependa wanaotoa huduma walisikie hili zaidi kuliko akina mama: ukimgombeza, hutamwona tena, na mtoto wake ndiye yule kirusi kinayemtafuta.

Kuna mtu mmoja wa pwani yetu hii ya mashariki ambaye huwa namkumbuka nikizungumza haya. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merka, Somalia. Oktoba 1977 alipata ndui, akawa mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida. Alifanya kazi hospitalini, na alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu yake. Alipona. Miaka mingi baadaye alijitolea kwenye kampeni za polio nchini mwake, akiwasimulia wazazi habari zake mwenyewe. Alifariki Julai 2013 kwa malaria, akiwa kwenye kazi hiyo hiyo, mwaka ambao polio ilikuwa imerudi Somalia na Kenya.

Kabla ya maswali, vijana wa maduara, nanyi nina neno lenu, kwa sababu mnadhani haya ni mambo ya watoto. Matone ya polio na chanjo ya surua hulinda hata jirani, kwa kuwa kirusi kikikosa mtu wa kupitia kinakwama. Pepopunda haiko hivyo. Kijidudu chake kinaishi udongoni, kinaingia kwa jeraha, na hakiambukizwi mtu kwa mtu. Wenzako wote kambini wakichanjwa, wewe hupati hata chembe ya kinga kutoka kwao. Anayechimba kwa sururu, anayekanyaga misumari na kujikata kwenye mawe kila wiki, ndiye wa kwanza kuihitaji, na kinga yake hupungua kwa miaka. Ukijeruhiwa, safisha kidonda na nenda kituoni uulize juu ya sindano hiyo siku ile ile.

Nimeandikiwa swali hapa: kadi imepotea, au mtoto alikatisha katikati, je, aanze upya? Hapana. Dozi zilizopita hazifutiki, kwa sababu zile seli chache za kumbukumbu bado zipo. Anaendelea pale alipoishia, hata kama ni baada ya mwaka.

Swali jingine ni la baba: mtoto wake wa miaka 11 alilegea mguu ghafla, na zahanati walimwomba choo badala ya damu. Walifanya sawasawa. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 anayelegea ghafla bila kuumia, huchukuliwa choo mara mbili, kwa kupishana saa 24 hadi 48, ndani ya siku 14 tangu alipoanza kulegea, maana kirusi kinatoka kwa wingi utumboni kuliko kwingine kokote. Sampuli husafirishwa kwenye barafu. Nyingi huonekana hazina polio, na mguu huwa umelegea kwa sababu nyingine, ambazo baadhi zina tiba. Kwa hiyo mzee, usingoje majibu ya choo. Mpeleke mtoto hospitali ya wilaya mara moja.